Shajara ya Mradi: Kuikinga Mikono Wakati wa Kusaga Mabapa ya Visu, Karakana ya Arua

Mwanzo wa Februari: fremu na mwendo wa mkanda

Fremu ya mashine ya mkanda wa msasa imekwisha kuchomelewa na imesimama imara juu ya sakafu ya saruji. Mota tuliyoipata ni ya kilowati 1.5, inazunguka takriban mara 1400 kwa dakika, na roda inayouvuta mkanda ina kipenyo cha milimita 150. Mkanda wenyewe ni wa inchi 2 kwa inchi 72, kipimo ambacho mafundi wa visu wamekizoea, nasi tunauagiza Kampala ukaletwa Arua kwa basi. Tutasaga mabapa ya visu vya bucha, vya kuchunia ngozi na vya jikoni, tukitumia chuma cha springi za malori, ambacho hapa mjini hakikosekani.

Nimeamua kuandika shajara hii kwa upande mmoja tu wa mradi, yaani mikono ya watu watakaoitumia mashine. Mambo ya ubora wa kisu yataandikwa mahali pengine. Vijana wawili wanajifunza kazi kwangu, na wazazi wao walinikabidhi wakiwa na vidole vyote kumi kila mmoja. Hilo nalichukua kuwa deni.

Kabla ya kununua kifaa chochote cha kinga tulikaa chini tukapiga hesabu, kwa sababu naamini kinga isiyotokana na hesabu huwa ni mapambo. Roda ya milimita 150 ikizunguka mara 1400 kwa dakika huupeleka mkanda kwa mwendo wa karibu mita 11 kwa sekunde. Mtu mwenye afya njema anayeshtushwa na jambo huhitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde ili mkono wake uanze kuitikia, na katika muda huo zaidi ya mita mbili za msasa zimekwisha kupita mahali kidole kilipo. Kwa hiyo kijana anayesema kwamba atauvuta mkono upesi pindi kitu kikiharibika anasema jambo ambalo mwili wake hauwezi kulitimiza. Chochote kitakachomkinga lazima kiwepo kabla ya ajali kuanza.

Tungeweza kufunga mota ya mizunguko 2800, ambayo ingeongeza mwendo mara mbili na kuharakisha kazi. Tumeiacha kwa sasa. Mkanda wa polepole husamehe mkono wa mwanafunzi, na visu vya karakana ndogo havina haraka ya kiwandani.

Katikati ya Februari: suala la glavu

Suala hili lilitushughulisha kuliko jingine lolote. Mmoja wa vijana aliniuliza, "Mzee, mbona wachomeleaji wanavaa glavu nene na hakuna anayewazuia, na sisi unatukataza?" Swali lake ni la haki, nami nataka jibu lake liandikwe kwa ukamilifu.

Mchomeleaji anajikinga na cheche na joto, na hakuna kitu kinachozunguka mbele ya vidole vyake. Mkanda wa msasa unazunguka, na penye upenyo kati ya mkanda na roda, au kati ya mkanda na kiegemeo cha kazi (kipande kinachotegemeza bapa mbele ya mkanda), upo mdomo unaovuta ndani kila kinachoshikwa nao. Ngozi ya kidole ikigusa msasa hukwaruzwa, huchubuka, hata kukatwa vibaya, lakini kwa kawaida kidole hurushwa nje. Glavu ya nyuzi ikigusa msasa hunaswa, na kwa kuwa imeuzunguka mkono mzima, mkono hufuata glavu iendako. Glavu zinazouzwa kwa sifa ya kutokatika kwa kisu ni hatari zaidi mahali hapa, kwa sababu nyuzi zake zimetengenezwa zisikatike. Nguvu ileile inayozuia makali yasipenye ndiyo itakayokataa kuuachilia mkono. Katika karakana nyingine hapa mjini nilimwona fundi ambaye kidole chake cha shahada kilivunjwa na glavu ya pamba iliyonaswa kwenye grinda ya mezani, na jeraha lake halikufanana kabisa na mchubuko wa msasa, kwani mfupa ulipindwa kabla ngozi haijakatika.

Ipo sababu ya pili, nayo inahusu chuma. Bapa lililokwisha kukazwa kwa moto, yaani kufanywa gumu kwa kupashwa sana na kupozwa ghafla, hupoteza ugumu likipashwa zaidi ya joto lililotumika kulilegeza (kulipasha tena kiasi ili lisivunjike kirahisi) baada ya kukazwa, na sisi hulegeza karibu na nyuzi 200 za Selsiasi. Kidole kitupu huanza kuumia chuma kikifika kama nyuzi 45, na kwenye nyuzi 60 hakivumilii hata kidogo. Kidole, basi, ni kipimajoto kinacholalamika mapema sana kabla kisu hakijaharibika. Glavu nene humnyamazisha mlinzi huyo, na fundi hugundua kosa pale tu makali yanapobadilika rangi: manjano ya majani makavu karibu na nyuzi 220, kahawia kuelekea 260, zambarau karibu na 280, buluu karibu na 300.

Tulilokubaliana ni hili. Glavu za kufuma, za pamba, za ngozi nene na zile zisizokatika hazivaliwi mbele ya mashine yoyote inayozunguka. Anayetaka kuikinga ngozi dhidi ya michubuko midogo anaweza kufunga vidole kwa plasta ya kitambaa, kidole kimoja kimoja, bila kuviunganisha, au kuvaa glavu nyembamba za mpira za hospitali, ambazo zikinaswa hupasuka na kuuacha mkono. Tumejaribu pia kushona vifuniko vya ncha za vidole kwa ngozi laini ya mbuzi, vifupi, visivyofika kwenye kiungo cha pili, na vilivyo wazi kiasi cha kuvuka vyenyewe vikivutwa. Vinafaa sana kwa dole gumba, ambalo ndilo linalobeba mgandamizo. Pete, saa, bangili na mikono mirefu ya shati huvuliwa au kukunjwa juu ya kiwiko kabla ya swichi kuguswa.

Mwisho wa Februari: umeme unaporudi bila hodi

Umeme hukatika mchana, na mtu aliyekuwa akisaga huacha kazi, akaenda kunywa chai au akabaki palepale akipangusa mkanda kwa mkono. Ikiwa swichi ni ya kawaida, ya kuwasha na kuzima ukutani, mashine itaamka yenyewe umeme utakaporudi, na mkono ulio juu ya mkanda hautapewa taarifa. Naliona hili kuwa tishio kubwa kuliko makali yenyewe, kwa sababu linampata mtu aliyeamini kwamba mashine imelala.

Tumefunga kontakta, yaani swichi inayoshikiliwa na sumaku ya umeme, yenye vitufe viwili. Kitufe cha kijani kikibonyezwa, koili (waya uliozungushwa unaozaa sumaku hiyo) huvuta na kujishikilia kwa umeme uleule unaopita. Umeme ukikatika, koili huachia, na ukirudi hakuna kinachotokea mpaka mtu abonyeze kijani tena kwa hiari yake. Kitufe chekundu, cha kuzimia, ni kikubwa, cha duara, na tumekiweka chini, usawa wa paja, ili mtu ambaye mikono yake yote miwili imeshika kazi aweze kukisukuma kwa mguu. Tumeijaribu kwa kuangusha swichi kuu ya karakana mashine ikiwa katika mwendo kamili, kisha kuirudisha. Mashine ilibaki kimya.

Hata baada ya kuzimwa, roda nzito huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo kanuni ya kubadilisha mkanda ni kungoja usimame kabisa, kisha kuchomoa plagi, ndipo mkono uende. Ndoo ya maji ya kupozea bapa imewekwa upande wa kulia, mbali na vitufe, na fremu imeunganishwa na waya wa ardhi, kwa maana mikono ya msagaji wa visu huwa imelowa karibu muda wote.

Machi: kiegemeo, vifuniko na upenyo wa milimita 3

Mkanda wetu unashuka chini mbele ya mfanyakazi, kwa hiyo unaisukuma kazi kuelekea kwenye kiegemeo. Upenyo kati ya kiegemeo na mkanda hatuuruhusu kuzidi milimita 3, kipimo kilekile kinachotumiwa kwa muda mrefu kwenye grinda za mawe. Upenyo ukiwa mpana, ncha ya kisu huteleza chini, bapa hujipinda likafuata mkanda, na vidole vilivyoshika huburutwa juu ya msasa. Tumekata kipande cha bati chenye unene wa milimita 3 tukakifunga kwa uzi kwenye fremu; asubuhi kikipita kwa ulaini kati ya kiegemeo na mkanda, kiegemeo husogezwa.

Roda ya juu na roda ya mota zimefunikwa kwa bati lililopindwa, na eneo lililobaki wazi ni lile la mbele tu ambapo bapa hukutana na mkanda. Vifuniko hivi havikuchukua muda mrefu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamdai mwajiri awakinge watu wake dhidi ya hatari za mashine, na sioni sababu ya karakana ndogo kujihesabu kuwa nje ya wajibu huo.

Machi, baadaye: vishikio

Hapa ndipo mradi ulipopata faida yake kubwa. Mkono usiokuwapo karibu na mkanda hauhitaji kuvikwa chochote, kwa hiyo tuligawa kazi ya kusaga katika vipindi viwili, kabla ya kukaza chuma na baada yake, na kila kipindi tukakipa namna yake ya kushika.

Kabla ya kukaza, joto haliharibu chochote kwenye chuma. Kusaga huku ndiko kwenye nguvu, cheche nyingi na mgandamizo mkubwa, na hapa vidole havina sababu ya kuligusa bapa. Tumechonga kipande cha mti wa mvule chenye urefu wa kama sentimita 30, tukatoboa shimo na kufunga ndani yake sumaku ya spika kuukuu kwa bolti, kwani gundi hulegea kwa joto. Sumaku peke yake haitoshi: inashika vizuri kuelekea mbele, lakini bapa linaweza kuteleza juu yake kwenda chini. Kwa hiyo upande wa chini wa kipande tumeacha ukingo mdogo ambao mgongo wa kisu hukalia. Makali yakielekea juu na mkanda ukishuka, kila msukumo wa mkanda hulikalisha bapa kwenye ukingo kwa nguvu zaidi, na mikono yote miwili iko nyuma ya ubao. Sumaku hukusanya unga wa chuma kwa wingi; tunaivika mfuko wa plastiki, na jioni mfuko ukivuliwa unga wote huanguka nao.

Vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua cha watu wengi. Aliyechonga vishikio alifanya hivyo nje, akiwa amefunika pua na mdomo, na akanawa mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kula.

Makali huachwa na unene wa karibu milimita moja mpaka bapa likazwe. Jambo hili kwa kawaida hufundishwa kwa ajili ya chuma, kwa kuwa makali membamba hupinda na kupasuka katika kukazwa, lakini lina faida hiyohiyo kwa mikono: kwa sehemu kubwa ya kazi, kitu kinachoshikwa bado si kisu.

Aprili: baada ya kukaza

Mabapa ya kwanza yamekazwa na kulegezwa. Sasa hali imegeuka, kwa sababu chuma kinahitaji kulindwa na joto, na kidole kinahitaji kukihisi. Tunashika mkia wa kisu, yaani sehemu itakayoingia kwenye mpini, kwa mkono mmoja mtupu, na kwa mkono wa pili tunasukuma kwa kijiti cha mbao chenye ncha ya mraba nyuma ya bapa, ili mgandamizo utoke kwenye mbao na hisia itoke kwenye mkono ulioshika. Bapa huchovywa majini kila baada ya mpito mmoja au miwili juu ya mkanda. Likitoka majini halipanguswi, kwa maana tone la maji linalobaki juu yake ni ishara nyingine: tone likianza kukauka kwa haraka, safari nyingine ya kwenda ndooni imefika, hata kama kidole hakijalalamika.

Nimewasisitizia vijana kuhusu mkanda uliochoka. Msasa uliokufa haukati bali unasugua, na msuguano huzaa joto. Fundi akiona kazi haiendi huongeza nguvu ya mikono, na mkono uliosukuma kwa nguvu zote ndio unaokwenda mbele ghafla bapa likiteleza. Mikanda ni ghali kwetu, na ninaelewa tamaa ya kuutumia mmoja mpaka nguo yake ionekane. Hata hivyo, mkanda uliochoka tunaurudisha kwenye kazi ya mbao laini au kuutupa, na mkanda ambao kiungo chake kimeinuka tunautoa papo hapo, kwa kuwa kila kiungo kinapopita huligonga bapa na kuutikisa mkono.

Mtikisiko una madhara yake hata usipoleta jeraha. Alice Hamilton, daktari wa Marekani, aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, mwaka 1918, akaeleza vidole vyao vilivyokuwa vyeupe na kufa ganzi kwa sababu ya nyundo za hewa. Weupe huo hujitokeza zaidi penye baridi, kwa hiyo katika hali ya hewa kama yetu mtu asingoje kuuona. Ganzi na kuwashwa kwa vidole usiku baada ya siku ya kusaga ni dalili tosha za kupumzisha mikono na kupeana zamu. Mashine ya mkanda hutikisa kidogo. Grinda ya mkono hutikisa sana, nayo tumeibakiza kwa kukata springi tu.

Kuhusu grinda hiyo ya mkono, jambo moja halina mjadala. Grinda ndogo ya jiwe la milimita 115 huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika, na ukingo wa jiwe lake hukimbia karibu mita 66 kwa sekunde. Wapo wanaoondoa kifuniko ili wafunge jiwe la milimita 180. Ukingo wa jiwe hilo utafika zaidi ya mita 100 kwa sekunde, ilhali kikomo kinachoandikwa kwenye mawe mengi ni mita 80. Jiwe likipasuka, vipande vyake hukutana kwanza na mkono ulioshika grinda. Karakana hii haina jiwe la milimita 180, na ufunguo wa kuondolea kifuniko ninao mimi.

Mei: ngozi, nywele za chuma na majeraha madogo

Kazi inaendelea vizuri na majeraha yaliyopo ni madogo, lakini nayo yanastahili utaratibu. Nywele za chuma, yaani vipande vyembamba sana vya chuma, zinazoingia kwenye vidole hutolewa jioni kwa sumaku na kibano chini ya taa, kabla ya kunawa kwa kusugua, kwani kusugua huzizamisha. Kidole kilichoungua huwekwa chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Hakipakwi dawa ya meno wala kitu kingine cha jikoni. Jeraha lililochimba ndani, hata likiwa dogo, linampeleka mtu kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda. Vijana wote wawili wamekwisha kuchanjwa kabla ya kusubiri jeraha.

Maji ya ndoo na vumbi la chuma hukausha ngozi mpaka ikapasuka kwenye viungo vya vidole, na mpasuko huo huuma kuliko mkwaruzo wa msasa. Maji ya ndoo hubadilishwa kila asubuhi. Jioni tunapaka mafuta ya shea, ambayo hapa West Nile na kwa majirani zetu Waacholi na Walango yanatoka kwenye miti yetu wenyewe. Shea ya upande huu ni laini na huyeyuka upesi mikononi. Hupakwa baada ya kazi na kamwe si kabla yake, kwa sababu mkono wenye mafuta haushiki bapa.

Juni: hatua iliyobaki

Kisu kikishapata makali, hatari huhama kutoka kwenye mashine kwenda kwenye kisu chenyewe. Wakati wa kufunga na kulainisha mpini, makali yote hufungwa kwa karatasi ngumu na plasta, na hayafunguliwi mpaka mpini ukamilike, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Bado hatujafunga gurudumu la kitambaa la kung'arishia. Wateja wanaliulizia kwa kuwa kisu kinachong'aa huuzika, lakini ndilo linalonitia hofu kuliko mashine zote za karakana ya visu: kitambaa kikiyashika makali kinakipokonya kisu mkononi na kukirusha sakafuni au tumboni mwa mtu. Likifungwa, litakuwa kwenye kona yenye ukuta nyuma na boksi la mbao chini, kisu kitagusa sehemu ya chini ya gurudumu pekee, na makali yataelekea kule gurudumu linakokwenda, yasilikabili kamwe. Boksi limepimwa na mbao zimekatwa. Mpaka likamilike, tunang'arisha kwa msasa mzuri uliobandikwa kwenye ubao, kwa mkono, bapa likiwa limebanwa kwenye jiliwa.